MAISHA YA IBN AL-NAFIS, TABIBU ALIYEIJUA NJIA YA DAMU





Leo tutasimulia maisha ya mwanachuoni mmoja ambaye wengi wetu hatujamsikia akitajwa, ingawa alikuwa mwalimu wa fiqhi na tabibu mkubwa wa zama zake. Jina lake ni Ala al-Din Abu al-Hasan Ali ibn Abi al-Hazm al-Qurashi. Watu wamemzoea kwa jina la Ibn al-Nafis.

Tumemchagua kwa sababu ya jambo linalotugusa nyumbani kwetu. Sisi ni watu wa kula kwa mikono yetu: mkulima, fundi, mshonaji, mama anayetwanga sombe, kijana anayeendesha baiskeli za mizigo. Na mikono hiyo huumia. Panga huteleza, mashini ya kusaga mihogo hunasa vidole, mafuta ya moto humwagika. Mkono ukifa, jamaa nzima hupungukiwa. Na mara nyingi kiungo kilichojeruhiwa hakifi kwa sababu ya jeraha lenyewe. Kinakufa kwa sababu damu imekosa njia ya kukifikia au njia ya kutoka. Ibn al-Nafis ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa wa elimu na kuuliza damu inapita wapi hasa.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Alizaliwa katika nchi ya Sham, karibu na mji wa Damascus, kati ya mwaka 1210 na 1213 wa Miladi, yaani katika miaka ya mwanzo ya karne ya saba ya Hijra. Katika Damascus ya wakati ule palikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi mwaka 1154. Hospitali hiyo ilitibu wagonjwa na ilikuwa pia chuo. Wanafunzi walimfuata mwalimu kutoka kitanda hadi kitanda, wakatazama mkojo wa mgonjwa, wakashika mapigo ya mkono wake, kisha wakaketi kusoma vitabu.

Mwalimu wao mkuu aliitwa al-Dakhwar. Huyu aliitoa nyumba yake mwenyewe kuwa wakfu ili iwe shule ya matabibu. Alifariki mwaka 1230. Mwanafunzi wake Ibn al-Nafis hakulisahau tendo hilo la wakfu, na mwisho wa habari hii mtaona alivyolifuata.

Kitabu kilichotawala masomo ya utibabu siku zile kilikuwa Qanun cha Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Nyuma ya Ibn Sina palikuwa na Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili ya Miladi. Maneno ya wawili hao yalichukuliwa kama nguzo za nyumba. Mwanafunzi aliyahifadhi, mwalimu aliyasherehesha, na ni wachache sana waliothubutu kuitikisa nguzo ili kuona kama imesimama.

TABIBU NA MWALIMU WA FIQHI

Akiwa bado kijana, Ibn al-Nafis aliondoka Sham akaenda Misri, akakaa Cairo mpaka mwisho wa umri wake. Huko alifanya kazi katika hospitali, akafundisha wanafunzi wengi, na akapanda mpaka kuwa mkuu wa matabibu wa Misri.

Lakini ndugu zangu, msidhani kwamba alikuwa mtu wa dawa tu. Alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na alifundisha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya mjini Cairo. Al-Subki, aliyeandika habari za wanazuoni wa Kishafi, alimweka katika kitabu chake pamoja na mafakihi wengine. Aliandika pia juu ya elimu ya hadithi na juu ya lugha ya Kiarabu. Kwake yeye elimu ya dini na elimu ya mwili wa binadamu hazikugombana. Asubuhi aliweza kueleza hukumu ya udhu, na jioni akaeleza mshipa unaopita chini ya ngozi ile ile iliyooshwa kwa udhu.

Waliomjua walisimulia namna alivyoandika. Alipotaka kuandika, waliwekewa mbele yake kalamu nyingi zilizokwisha kuchongwa. Aligeuza uso wake ukutani, akaandika kwa kumbukumbu bila kufungua kitabu, na kalamu ikichoka aliitupa akachukua nyingine ili asipoteze wakati wa kuchonga. Inasimuliwa pia kwamba siku moja alikuwa katika hamamu anaoga. Katikati ya kuoga akatoka, akaomba karatasi, wino na kalamu, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumaliza kuoga.

Kitabu chake kikubwa kuliko vyote kiliitwa al-Shamil. Alikusudia kiwe na majuzuu 300. Alimaliza 80 tu kabla ya mauti kumfikia. Baadhi ya majuzuu hayo yapo hadi leo katika maktaba za Cambridge na Oxford nchini Uingereza, na Stanford nchini Marekani.

UKUTA WA MOYO

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya akumbukwe duniani kote. Mwaka 1242, akiwa na umri wa miaka kama thelathini, aliandika sherehe ya sehemu za Qanun zinazoeleza maungo ya mwili. Katika sherehe hiyo alifika kwenye moyo.

Galen alikuwa amefundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, na sehemu yake huingia chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo, alisema, hupenya katika ukuta ulio kati ya chumba cha kulia na cha kushoto, kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Watu walikuwa wamesadiki hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ibn Sina naye aliifuata njia hiyo.

Ibn al-Nafis alisema hapana. Ukuta ule ni mnene na mgumu, hauna vitundu vinavyoonekana wala visivyoonekana. Kama damu haiwezi kupita ukutani, na bado tunaikuta upande wa pili, basi lazima iwe na njia nyingine. Akaieleza njia hiyo: damu hutoka chumba cha kulia, ikapanda kwa mshipa mkubwa hadi mapafuni, ikaenea humo na kuchanganyika na hewa, kisha ikarudi kwa mshipa mwingine mpaka chumba cha kushoto. Akasema pia kwamba kati ya mshipa unaopeleka na mshipa unaorudisha, ndani ya mapafu, pana vijia vidogo vya kupitisha damu.

Akaongeza jambo lingine ambalo si dogo. Ibn Sina alisema moyo hulishwa na damu iliyomo katika chumba cha kulia. Ibn al-Nafis akasema moyo wenyewe hulishwa na mishipa inayopita katika nyama yake. Maana yake, hata moyo, ambao umejaa damu wakati wote, haushibi kwa damu iliyo chumbani mwake tu. Unahitaji mishipa yake midogo inayoingia nyamani. Mtu anaweza kusimama katikati ya mto na bado akafa kwa kiu kama hana cha kutekea maji.

Ni haki tuseme pia kwamba hakueleza safari yote ya damu katika mwili mzima. Alieleza njia ya kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi. Safari nzima ilikuja kuelezwa na William Harvey wa Uingereza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628. Harvey naye alianza na mkono wa binadamu. Aliufunga mkono kwa kamba kwa nguvu sana, akaona chini ya kamba mapigo yanapotea na kiganja kinapoa. Akailegeza kamba kidogo, akaona mishipa ya juu ya ngozi inavimba na kujaa. Kwa hiyo akajua kwamba damu huingia mkononi kwa mishipa iliyo ndani, na hurudi kwa mishipa iliyo juu. Na vile vijia vidogo vilivyotajwa na Ibn al-Nafis, Marcello Malpighi wa Italia aliviona kwa darubini katika mapafu ya chura mwaka 1661, zaidi ya miaka 400 baadaye.

ADABU YAKE MBELE YA WAKUBWA

Mtauliza: je, Ibn al-Nafis aliwadharau waliomtangulia? Hapana. Maisha yake yote aliyatumia kuwasherehesha. Aliandika muhtasari wa Qanun ambao ulisomwa na kusomeshwa kwa karne nyingi. Katika utangulizi wa sherehe yake alieleza kwamba sheria na huruma aliyokuwa nayo vilimzuia kupasua miili ya watu, kwa hiyo angetegemea maelezo ya waliotangulia, na zaidi ya wote Galen. Alimheshimu Galen kwa kumsoma mpaka mwisho. Na alipomsoma mpaka mwisho, akaona mahali ambapo maneno hayakubaliani na umbo la kiungo chenyewe. Hapo hakunyamaza kwa aibu, wala hakutukana. Alieleza sababu zake, akaendelea na kazi.

HATUA TATU ZA MPASUAJI

Katika majuzuu ya al-Shamil aliandika pia juu ya kazi ya kupasua na kushona majeraha. Aliigawa kazi hiyo katika hatua tatu. Hatua ya kwanza ni pale mgonjwa anapomkabidhi mpasuaji kiungo chake ili kichunguzwe na kueleweka. Hatua ya pili ni ya kisu na uzi. Hatua ya tatu ni ya kuhifadhi, yaani kukilinda kiungo baada ya kazi mpaka kipone. Kila hatua ina wajibu wa mpasuaji, wajibu wa mgonjwa, na wajibu wa wasaidizi wanaouguza.

Angalieni mpango huu, maana waganga wa mikono hawajauacha mpaka leo. Wengi wetu tunadhani kazi yote iko katika hatua ya pili. Lakini katika kutengeneza mkono ulioharibika, hatua ya kwanza na ya tatu ndizo zinazoamua, na zote mbili zinauliza swali lile lile la Ibn al-Nafis: damu inapita wapi?

KUTOKA MOYONI HADI MKONONI

Kila mkono una mishipa miwili mikubwa inayoleta damu. Mmoja hupita upande wa kidole gumba. Ndio ule ambao mganga huushika anapohesabu mapigo. Wa pili hupita upande wa kidole cha mwisho. Ikifika kiganjani, mishipa hii hukutana na kufanya pinde mbili, moja karibu na ngozi na nyingine ndani zaidi karibu na mifupa. Kutoka kwenye pinde hizo hutoka matawi kwenda vidoleni, na kila kidole kina mishipa miwili, mmoja kila ubavu. Hiyo ni rehema ya Muumba: mlango mmoja ukifungwa, mara nyingi mwingine hulisha.

Mnaweza kuliona jambo hili wenyewe. Mtu akunje ngumi kwa nguvu, na mwenzake abane mishipa yote miwili kwenye kifundo cha mkono. Akifungua kiganja, kitaonekana kimepauka. Mwenzake aachie upande wa kidole cha mwisho tu. Kwa wengi, rangi hurudi katika kiganja chote kwa muda mfupi sana. Kwa wachache huchelewa, kwa sababu pinde zao hazikuungana sawasawa. Edgar Allen wa Marekani alikieleza kipimo cha namna hii mwaka 1929, na waganga wanakitumia bado.

Kipimo hiki kina kazi gani? Chukueni mtu ambaye nyama ya mgongo wa kiganja imesagwa, na sasa mifupa na kano ziko wazi. Mganga hawezi kubandika ngozi tupu juu ya mfupa mtupu. Ngozi tupu ni kama jani lililochumwa: ikiwekwa juu ya nyama yenye damu itashika, lakini juu ya mfupa mkavu itanyauka. Hapo inatakiwa kuhamisha kipande cha ngozi na mafuta pamoja na mshipa wake, kama vile mkulima anavyohamisha mche wa ndizi na mizizi yake.

Njia moja iliyoelezwa na McGregor na Jackson mwaka 1972 hutumia ngozi ya sehemu ya kinena, mahali ambapo mshipa mmoja unajulikana kupita. Kipande kinainuliwa upande mmoja, upande wa pili kinaachwa kimeshikana na mwili, na mkono uliojeruhiwa unashonwa hapo. Mgonjwa anakaa na mkono wake umeshikana na kinena kwa muda wa majuma kama matatu. Katika muda huo vijishipa vipya huota kutoka mkononi kuingia katika kipande. Kipande kikishapata riziki upande wa mkono, ndipo shina la zamani linakatwa. Akikatwa kabla ya wakati, kazi yote imepotea. Njia hii haihitaji darubini ya kushonea mishipa, na kwa hiyo inafaa hata katika hospitali zisizo na vyombo vingi.

Njia nyingine ilitokea China mwishoni mwa miaka ya 1970. Huchukua ngozi ya mkono wa chini pamoja na mshipa wa upande wa kidole gumba. Sasa mmeelewa kwa nini kile kipimo cha kubana na kuachia ni cha lazima. Mganga akiuchukua mshipa huo bila kuhakikisha kwamba wa pili unatosha kukilisha kiganja, anaweza kuua mkono aliokuja kuuponya.

Na si kuingia kwa damu tu. Damu ikiingia katika kipande kilichohamishwa na ikakosa njia ya kutoka, kipande huvimba, huwa na rangi ya weusi wa bluu, kisha hufa kama kile ambacho hakikupata damu kabisa. Kwa hiyo usiku wa kwanza muuguzi hukiangalia kila mara: rangi yake, joto lake, na namna kinavyorudisha rangi baada ya kubonyezwa. Hiyo ndiyo hatua ya tatu ya Ibn al-Nafis, hatua ya kuhifadhi.

Elimu ya mishipa ya ngozi haikuja kwa siku moja. Mwaka 1889, mwanafunzi mmoja wa utibabu aitwaye Carl Manchot alichora mipaka ya mishipa ya ngozi akiwa Strasbourg. Mwaka 1936, Michel Salmon wa Marseille, Ufaransa, akaongeza mingi zaidi. Mwaka 1987, Taylor na Palmer wa Australia wakaonyesha kwamba mwili mzima umegawanywa katika maeneo, kila eneo na mshipa wake mama, kama vijiji vinavyochota kila kimoja katika chemchemi yake. Kazi ya Manchot ilikaa miaka mingi bila kujaliwa na wapasuaji. Na hapa tunarudi kwa Ibn al-Nafis, maana yaliyompata yeye yalikuwa makubwa zaidi.

KIFO CHAKE NA WAKFU WAKE

Mwaka 1285 ilikuwa imekwisha kukamilika mjini Cairo hospitali kubwa ya Sultani Qalawun. Inasimuliwa kwamba Qalawun, kabla ya kuwa sultani, aliwahi kuugua akatibiwa katika hospitali ile ya Nur al-Din mjini Damascus, akaweka nadhiri ya kujenga nyingine kama hiyo akipata ufalme. Ibn al-Nafis, sasa mzee wa karibu miaka 80, aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na maktaba yake yote. Hivyo alifanya kama alivyofanya mwalimu wake al-Dakhwar.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa. Hakutaka kukutana na Mola wake akiwa na kitu hicho ndani ya mwili wake. Alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 21 Dhul-Qaada mwaka 687 wa Hijra, sawa na tarehe 17 Disemba 1288.

KITABU KILICHOLALA

Baada ya kufa kwake, sherehe yake ilinakiliwa mara chache, ikawekwa katika makabati. Muhtasari wake wa Qanun ulisomwa sana, lakini neno lake juu ya ukuta wa moyo wengi walilipita. Ulaya, Michael Servetus mwaka 1553 na Realdo Colombo mwaka 1559 waliandika juu ya njia ya damu mapafuni, na ulimwengu ukadhani wao ndio wa kwanza.

Mwaka 1924, kijana wa Kimisri aitwaye Muhyi al-Din al-Tatawi alikuwa akisoma utibabu katika chuo kikuu cha Freiburg, Ujerumani. Alikuta nakala ya sherehe ile katika maktaba ya Berlin, akaisoma, akaona kile ambacho wengine hawakukiona. Akakiandika katika kazi yake ya kumaliza masomo. Max Meyerhof, tabibu Mjerumani aliyeishi Cairo, akakihakikisha na kukieneza. Karibu miaka 700 ilikuwa imepita tangu mwandishi aweke kalamu chini.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Ndugu zangu, katika maisha haya tunapata mambo manne.

La kwanza: kumheshimu mwalimu ni kumsoma kwa makini, na siyo kufumba macho. Ibn al-Nafis aliwahudumia wakubwa wake umri wake wote, na mahali walipokosea alisema wamekosea, kwa hoja na kwa adabu. Kijana wetu akimuuliza mwalimu wake kwa adabu, tusimwite mkaidi.

La pili: mtoto anayesoma Kurani asizuiliwe kusoma elimu ya mwili. Fakihi wa Masruriyya alijua vyumba vya moyo kuliko matabibu wengi. Tuna haja ya mabinti na vijana wetu katika vyuo vya uuguzi na vya utibabu, maana kiungo kilichoshonwa usiku kinahitaji jicho linalojua.

La tatu: elimu isiyosomwa ni kama damu iliyokosa mshipa. Ipo, lakini hailishi mtu. Kitabu kimoja kililala miaka mia saba kwa sababu aliyekipita hakukifungua. Mwenye kitabu na akifungue, mwenye kujua na afundishe, mwenye uwezo na aweke wakfu hata kama ni rafu moja ya vitabu kwa ajili ya watoto wa msikiti.

La nne ni la kufanya tukitoka hapa. Mtu akijikata mkono, msikimbilie kufunga kidole au kifundo kwa kamba nyembamba au kipande cha mpira wa baiskeli na kukiacha hivyo kwa masaa. Kamba hiyo huziba njia ya damu, na chini yake kiungo hufa. Bonyezeni jeraha lenyewe kwa kitambaa safi, kwa nguvu na bila kuachia, mkono ukiwa umeinuliwa juu, huku mkimpeleka hospitali. Ikiwa damu inaruka na kubonyeza kumeshindwa, hata maisha yake yako hatarini, hapo fungeni kitambaa kipana juu ya jeraha, kazeni mpaka damu isimame, kumbukeni saa mliyofunga, na mkimbie. Pete zivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Na kama kipande cha nyama au cha kidole kinaning'inia kwa ngozi kidogo, msikikate na kukitupa kwa kudhani kimekufa. Pengine katika ngozi ile nyembamba mna mshipa mmoja unaokilisha bado. Kilazeni mahali pake, kifunikeni kwa kitambaa safi, na mpelekeni mtu wenu kwa wenye kujua. Msitie udongo, wala mafuta ya gari, wala unga wa betri.

Mkono ni amana. Ndio tunaounyoosha kwa dua, ndio tunaolimia, ndio tunaomshikia mtoto anapojifunza kutembea. Aliyeumba mkono ameuwekea njia zake za damu, na ametupa akili ya kuzijua.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis na walimu wake, awaponye wenye mikono iliyojeruhiwa, awape subira na ujuzi wanaowahudumia, na atujaalie sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.